Picha za Bahari za Wafaransa na Pwani Yetu

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za picha za kale za bahari, zilizochongwa na kupigwa chapa katika nchi ya Ufaransa, na habari za watu wanaozitafuta na kuziweka akiba. Najua ya kuwa sisi wa Usa River tu mbali na bahari. Maji tuyajuayo ni ya mto wetu na ya mifereji iteremkayo kutoka Mlima Meru. Na wako watoto wengi wamalizao shule ambao hawajaona hata ngalawa. Basi mtu aweza kuuliza kwa haki: "Merikebu za Wafaransa zatuhusu nini sisi wenye migomba na kahawa?"

Jibu langu ni hili. Zamani mambo mengi ya bara yaliishia pwani. Pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani mpaka bandarini, na watu pia walichukuliwa, wakapakiwa merikebuni, wasirudi tena. Huko pwani ndiko walikofika wageni wenye kalamu, karatasi na mitambo ya kupigia chapa kwao. Walichokiona wakakichora, wasichokiona, au wasichotaka kukionyesha, wakakiacha. Karatasi zile zingaliko hata leo, nyingine katika nyumba za makumbusho, nyingine katika maduka ya vitu vya kale, zikiuzwa na kununuliwa. Asiyejua kuzisoma atasimuliwa habari za babu zake na mwenye karatasi, naye hatakuwa na njia ya kujua kama aambiwalo ni kweli. Ndiyo maana nasema jambo hili latuhusu.

JINSI PICHA ZILIVYOFANYWA

Kwanza tujue picha hizi ni kitu gani. Si picha za kamera, wala si picha za rangi zilizopakwa kwa mkono moja moja. Fundi alichukua bamba la shaba nyekundu, akalisugua mpaka liking'aa kama kioo. Kisha akachora juu yake kwa kuchimba mistari myembamba kwa chuma chenye ncha kali. Alipotaka kivuli alichimba mistari mingi iliyokaribiana. Alipotaka mwanga aliacha shaba tupu. Njia nyingine ilikuwa kulipaka bamba nta, kuichora nta kwa sindano, na kulitia bamba katika dawa kali. Dawa ikaila shaba palipokwanguliwa nta, isiile penginepo.

Bamba likiwa tayari, lilipakwa wino mzito, likapanguswa, hata wino ukabaki ndani ya mistari peke yake. Kisha karatasi iliyoloweshwa kidogo ikawekwa juu, na vyote viwili vikapitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo, yakakandamizwa kwa nguvu nyingi. Karatasi ilipobanduliwa, wino wote ulikuwa umeifuata. Kumbukeni ya kuwa picha hutokea kinyume, kushoto kukawa kulia. Kwa hiyo hata maandishi ilimpasa fundi kuyachonga kinyumenyume. Mwanafunzi anayeona taabu kuandika jina lake kwa mwandiko mzuri na ajaribu kuliandika hivyo juu ya shaba, ndipo atakapojua kazi ya watu wale.

Mwishoni mwa karne ya 18, Mjerumani mmoja, Alois Senefelder, alivumbua njia nyepesi zaidi. Yeye alichora kwa chaki yenye mafuta juu ya jiwe laini. Jiwe likiloweshwa, maji hukaa penye jiwe tupu na wino hushika penye mafuta, kwa kuwa mafuta na maji hayapatani. Hapakuwa na haja ya kuchimba. Picha za jiwe zikaenea upesi, na picha nyingi za karne ya 19 zinazoonyesha pwani yetu ni za namna hii. Wenye maduka huziita zote kwa jina moja, lakini mwenye kukusanya hana budi kuzitofautisha.

KWA NINI WAFARANSA WALIZIFANYA

Wafaransa hawakuchora bahari kwa ajili ya kupamba kuta tu. Merikebu ipandayo mwamba hupotea pamoja na watu na mali yake. Na katika vita, mwenye ramani nzuri humshinda asiye nayo. Kwa hiyo mwaka 1720 serikali ya mfalme ilianzisha mjini Paris nyumba ya kuwekea ramani na michoro ya jeshi la majini. Kila nahodha aliporudi, ilimpasa kupeleka huko daftari ya safari yake, ili mafundi wailinganishe na daftari za wenzake.

Mmoja wa mafundi hao alikuwa Jacques-Nicolas Bellin, aliyezaliwa mwaka 1703. Aliingia kazini angali kijana, akakaa zaidi ya miaka 50, mpaka alipokufa mwaka 1772. Mwaka 1764 alitoa atlasi ndogo ya bahari katika juzuu tano, yenye ramani zaidi ya 500. Juzuu la tatu ni la Asia na Afrika. Bellin alitengeneza ramani zake mezani, kwa kupima maneno ya mabaharia mmoja dhidi ya mwingine, kama kadhi asikilizaye mashahidi.

Mwenzake, Jean-Baptiste d'Après de Mannevillette, alikuwa nahodha hasa. Alizaliwa mwaka 1707 katika mji wa Le Havre, akasafiri mara nyingi katika merikebu za kampuni ya Kifaransa iliyofanya biashara na Bara Hindi. Mwaka 1745 alitoa kitabu kikubwa cha ramani kiitwacho Le Neptune Oriental, na mwaka 1775 akakitoa tena, kikiwa kimesahihishwa na kuongezwa. Humo mna njia ya kutoka Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kupita mlango wa bahari ulio kati ya Msumbiji na Bukini, mpaka Bara Hindi na China. Pwani yetu imo katika njia hiyo.

Pamoja na ramani zilikuwako picha za bandari na za vyombo. Mwaka 1753 Mfalme Louis wa 15 aliagiza mchoraji Joseph Vernet azunguke bandari za Ufaransa na kuzichora. Vernet alifanya picha kubwa 15 za rangi, na mafundi wawili, Cochin na Le Bas, wakazichonga katika shaba ili watu wengi wapate kuzinunua. Ilikuwako pia jamaa ya Ozanne, kutoka mji wa Brest. Nicolas Ozanne, aliyezaliwa mwaka 1728, alijua kila kamba na kila tanga la merikebu. Dada zake wawili, Jeanne-Françoise na Marie-Jeanne, walikuwa wachongaji wa shaba kama wanaume, na Le Gouaz, mume wa Marie-Jeanne, alichonga bandari nyingi alizozichora shemeji yake. Nawataja hawa dada kwa makusudi, ili wasichana wanaonisikia wajue ya kwamba kazi ya mkono na jicho haikuwa ya wanaume peke yao hata zamani zile.

Katika picha ya Bordeaux aliyoichora Vernet twaona mji mzuri, majumba ya mawe, mto mpana na merikebu zikitweka. Ni kweli mji ulikuwa hivyo. Lakini sehemu kubwa ya utajiri uliojenga majumba yale ilitoka katika sukari na kahawa ya visiwa vilivyolimwa na watumwa kutoka Afrika, na mashamba yale hayaonekani katika picha. Mtazamaji na akumbuke neno hili, kwa maana litamsaidia mbele.

MAPATANO YA KILWA

Wafaransa walikuwa na visiwa viwili katika Bahari ya Hindi: kimoja wakikiita Île de France, ambacho Waingereza walikitwaa mwaka 1810 nasi twakijua kwa jina la Morisi, na cha pili wakikiita Bourbon, ambacho sasa huitwa Réunion. Mashamba ya huko yalitaka mikono ya kazi. Wafanya biashara wakaja pwani yetu kutafuta watu.

Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliyekuwa daktari wa merikebu kisha akawa mfanya biashara ya watumwa, alifika Kilwa. Tarehe 14 Septemba alifanya mapatano kwa maandishi na Sultani wa Kilwa. Sultani atampa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20 kila mtu, na juu yake zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa kwa ajili ya Sultani mwenyewe. Mwanafunzi wa hesabu aweza kuona: watu 1,000 kwa piastre 20 ni 20,000, na zawadi ni 2,000. Hesabu ni nyepesi mno. Mtu ambaye mama yake alimbeba miezi tisa, akafundishwa kuchunga na kulima, akawekwa katika hesabu hiyo kwa piastre 22.

Ndugu, yafaa tuseme kweli yote. Mapatano yalikuwa na pande mbili. Mgeni alikuja na fedha, na mwenyeji mwenye enzi akaipokea. Na kati yao walikuwako watu wa pwani na wa bara waliokamata, wakafunga, wakaongoza misafara. Tukimlaumu mgeni peke yake hatutakuwa tumesoma historia, tutakuwa tumejifariji tu. Wala tusikubali mgeni naye ajitoe katika lawama kwa kusema kwamba biashara ile ilikuwa desturi ya Waafrika. Karatasi ya mapatano yawataja wote wawili.

Na tuziangalie ramani za zamani zile tukiyajua hayo. Mchongaji aliyeketi Paris akiandika jina la Quiloa, yaani Kilwa, kwa herufi ndogo safi, alimwonyesha nahodha njia ya maji na mahali pa kutia nanga. Nahodha mmoja alikwenda kununua chakula. Mwingine alikwenda kununua watu. Karatasi ni ile ile.

VYOMBO VYA WAARABU NA WAHINDI

Baada ya maneno hayo mazito, nataka kumtaja Mfaransa mwingine aliyetuachia hazina njema. Jina lake ni François-Edmond Pâris, aliyezaliwa mwaka 1806. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, akazunguka dunia mara tatu. Kila bandari alipofika, badala ya kupumzika, alishuka na kupima vyombo vya wenyeji: urefu, upana, mbao, milingoti, tanga na namna ya kufunga kamba. Huko Bara Hindi alijeruhiwa na mashine hata akapoteza mkono mmoja, lakini hakuacha kazi yake. Kuanzia mwaka 1841 alitoa kitabu cha vyombo vya watu wasio wa Ulaya, chenye picha zaidi ya 100. Baadaye alikuwa mlinzi wa makumbusho ya majini mjini Paris, tangu mwaka 1871 mpaka alipokufa mwaka 1893.

Katika kitabu chake mna vyombo vya Maskati, ndugu wa vile vilivyoletwa Unguja na Mombasa na pepo za kaskazi na kurudishwa na kusi. Zamani zile watu wengi wa Ulaya waliviona vyombo hivyo kuwa vitu vya kuchekesha tu. Pâris alivipima kwa fimbo na kamba, kwa heshima ile ile aliyoipa merikebu ya mfalme wake. Aina nyingine za vyombo zilizochorwa na yeye haziundwi tena popote. Fundi akitaka leo kuunda mfano wake, yampasa kuzifungua karatasi za Mfaransa huyu. Maarifa yasiyoandikwa hufa na mwenyewe. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

SAFARI YA KAPTENI GUILLAIN

Sasa twafika katika picha ambazo mimi naona zatupasa kuzijua kuliko zote. Mwaka 1844 Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Ufaransa. Miaka miwili baadaye serikali ya Ufaransa ilimtuma Kapteni Charles Guillain, katika merikebu ndogo ya milingoti miwili iliyoitwa Ducouëdic, achunguze pwani ya Afrika ya Mashariki na biashara yake. Safari ilidumu tangu mwaka 1846 mpaka 1848. Guillain alifika Unguja, Mombasa, Lamu, Barawa, Marka na Mogadishu, akaingia hata Geledi, karibu na mto Shebelle. Aliuliza habari za bei, za misafara, za masultani na za ukoo wao, akaziandika zote.

Tena alichukua kitu ambacho wakati ule kilikuwa kipya kabisa: chombo cha kupigia picha kwa nguvu ya jua, namna iliyotangazwa mjini Paris mwaka 1839. Picha ilishikwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mtu ilimpasa kukaa kimya bila kutikisika. Na kila bamba lilikuwa picha moja tu, isiyoweza kutoa nakala. Mabamba kadhaa ya Guillain yamehifadhiwa Paris katika Makumbusho ya Quai Branly, nayo ni katika picha za kwanza kabisa zilizopigwa kwa kamera katika sehemu zetu za Afrika.

Kwa kuwa bamba halikuweza kutoa nakala, mafundi wa Paris walizitazama picha zile, pamoja na michoro iliyofanywa kwa kalamu na mmoja wa watu wa merikebu, wakazichora upya juu ya jiwe na kuzipiga chapa. Hivyo likatoka kabrasha kubwa la picha, kufuatana na vitabu vitatu vya maelezo vilivyotolewa kuanzia mwaka 1856. Mwaka huo huo Seyyid Said alifariki baharini, akirudi Unguja kutoka Maskati. Humo twaona miji ya pwani jinsi ilivyokuwa: nyumba za mawe, mapaa ya makuti, minara ya misikiti, vyombo vilivyopwelewa mchangani, na nyuso za watu, wake kwa waume, Waarabu, Waswahili, Wasomali na watu wa bara.

Hapa nataka tukae kidogo. Mkubwa mwenye cheo aliandikwa kwa jina lake. Lakini watu wengine wengi waliandikwa kwa kabila tu: mwanamke wa taifa fulani, mtu wa nchi fulani. Wengine walikuwa watumwa, waliotoka bara mbali. Twaona macho yao, chanjo za nyusoni mwao, namna walivyosuka nywele, jina hatulioni. Mchoraji alijali kuonyesha kila ushanga, lakini hakuna aliyeandika jina la aliyeuvaa. Kosa hili si la uchoraji, maana kazi ya fundi ni nzuri sana. Ni kosa la kumtazama mtu kama mfano wa kitu, na si kama mtu. Nasi tukizisambaza picha zile leo bila kulisema jambo hili, twalirudia kosa lile lile.

Na mwaka 1848, safari ya Guillain ilipokwisha, yalitukia mambo mawili ya kukumbukwa. Mwezi wa Mei, Johannes Rebmann alifika mahali alipouona mlima Kilimanjaro na theluji yake, naye akawapelekea watu wa Ulaya habari ambayo wengi wao hawakuisadiki. Na mwezi wa Aprili Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku utumwa katika visiwa vyake vyote. Mwezi wa Desemba tangazo hilo likatimizwa katika kisiwa cha Réunion. Kwa hiyo picha za Guillain zasimama penye mpaka wa nyakati mbili. Bara yetu ilikuwa karibu kuingia katika ramani za wageni, na biashara ya kale ilikuwa ikianza kuvunjika, ijapokuwa soko la watumwa la Unguja lilifungwa miaka 25 baadaye, yaani mwaka 1873.

Tena liko neno moja liwahusulo wakulima. Mapadre wa Kifaransa walifika Unguja mwaka 1860 wakitoka katika kisiwa kile cha Réunion, wakafungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Wao ndio walioleta kahawa ya aina iitwayo Bourbon, kwa jina la kale la kisiwa chenyewe, nayo ikapandwa Kilema, Kilimanjaro, kabla ya karne ya 19 kwisha. Basi mkulima wa Meru asikiapo jina la Bourbon katika habari za mbegu za kahawa, na ajue ya kuwa jina hilo lilipita bahari katika njia zile zile zilizochongwa na mafundi wa Paris.

KUKUSANYA NA KUTUNZA

Kukusanya picha za namna hii ni desturi ya zamani huko Ufaransa. Padre mmoja, Michel de Marolles, alikusanya picha zaidi ya laki moja, na mwaka 1667 mkusanyo wake ukanunuliwa kwa ajili ya maktaba ya mfalme, nao ukawa msingi wa chumba cha picha cha Maktaba ya Taifa. Mtu mmoja, kwa subira, alilipatia taifa zima hazina. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenye kutaka kuzitambua picha za kale na ashike mambo machache. La kwanza, picha iliyopigwa kwa bamba la shaba huacha alama ya ukingo wa bamba, kama bonde dogo kuizunguka picha yote. Ukipapasa kwa kidole utaisikia. Picha ya jiwe haina alama hiyo. La pili, inua karatasi kwenye mwanga. Karatasi za kale zilifanywa kwa matambara, na nyingi huonyesha mistari ya chekecheo na alama ya mfanya karatasi. La tatu, chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa sawasawa kama punje za mahindi katika gunzi, hiyo ni nakala ya mtambo wa siku za karibuni. La nne, usidanganywe na bamba la kale lililotumika upya. Katika Louvre iko nyumba ya mabamba ya shaba iliyoanzishwa mwaka 1797, nayo hata leo hutoa picha kwa mabamba ya kale. Hizo si picha za uongo, lakini karatasi yake ni mpya, na haki ni kuziuza kwa jina hilo.

Liko na jambo la tano, nalo ndilo baya kuliko yote. Wauzaji wengine hununua kitabu kizima cha ramani au cha picha, wakakichana, wakauza ukurasa mmoja mmoja, kwa kuwa kurasa zikitengwa huleta fedha nyingi kuliko kitabu. Picha ya mtu wa Unguja ikaenda kutundikwa ukutani Chicago, ramani ikaenda London, na maneno yaliyoieleza picha yakatupwa. Nani ataziunganisha tena? Picha iliyotengwa na maelezo yake ni kama shahidi aliyekatwa ulimi. Basi anayenunua ukurasa na aulize umetoka katika kitabu gani. Na anayemiliki kitabu kizima na akiache kizima, hata akiahidiwa fedha nyingi.

Pengine mtasema, "Sisi hatuna picha za Wafaransa." Ni kweli, wengi wetu hatuna, wala sikuambii uuze ng'ombe ukanunue. Lakini katika masanduku yetu mna karatasi za thamani kwetu: cheti cha ubatizo cha babu, stakabadhi ya kodi, daftari ya chama cha kahawa, barua ya askari kutoka vitani, picha ya harusi. Karatasi hizi zina adui wale wale wa picha za Paris: mchwa, mende, unyevu wa masika, moshi wa jikoni na jua kali. Usizikunje, usizipigilie misumari, usizibandike kwa gundi. Ziweke zimelala, katikati ya karatasi safi, ndani ya kisanduku kikavu kilichoinuliwa kutoka chini. Zitazame kila baada ya mvua.

Na juu ya yote, andikeni majina. Chukua penseli laini, geuza picha, uandike nyuma yake kwa mkono mwepesi: huyu ni nani, mtoto wa nani, mahali gani, mwaka gani. Fanyeni hivyo wazee wangali hai, maana akifa ajuaye majina, picha nayo huwa bubu. Walimu wafanye kazi hii pamoja na wanafunzi wao: kila mtoto alete habari ya picha moja ya nyumbani, bila kuichukua picha yenyewe, aandike ukurasa mmoja aliosimuliwa na bibi au babu yake. Mkionacho kuwa ni cha thamani kwa watu wote, shaurianeni na watunzaji wa makumbusho yaliyo Arusha mjini katika Boma la kale lililojengwa na Wadachi mwaka 1900, kabla ya kukiuza kwa mpita njia.

Wafaransa wale walitumia shaba, jiwe na karatasi kuweka walichokiona. Kwa kazi yao twajua leo jinsi chombo cha Maskati kilivyoundwa na jinsi nyuso za watu wa pwani zilivyokuwa zamani za Seyyid Said. Majina ambayo hawakuyaandika hatuwezi kuyarudisha. Majina ya watu wetu wenyewe twaweza kuyaandika jioni ya leo, kabla taa haijazimwa. Kwaherini.